Mpanga rafu wa supamaketi: kazi anayoifanya, haki zake na swali moja la kuuliza kabla ya kuanza

Ukiingia katika supamaketi yoyote ya kaunti yetu utakuta unga umepangwa kwa safu, maziwa yamo kwenye friji, na chini ya kila bidhaa kuna lebo ya bei. Kuna watu wanaofanya kazi hiyo kila siku, wengi wao vijana waliomaliza kidato cha nne. Wao ndio wanaotoa bidhaa stoo, kuzipanga kwenye rafu, kukagua tarehe, kubadilisha lebo na kumwelekeza mteja anayetafuta chumvi au dawa ya mbu. Baadhi ya maduka huwaita wahudumu wa rafu au wapanga rafu. Wale wanaotumwa na kampuni zinazotengeneza bidhaa hujulikana kama machandaiza.

Kwa vijana wengi hii ndiyo ajira ya kwanza yenye sare, zamu na mshahara wa mwisho wa mwezi. Kwa mkazi anayenunua, kazi hiyo ndiyo inayomkinga asiende nyumbani na maziwa yaliyoharibika au asitozwe bei tofauti na aliyoiona. Makala hii inaeleza jinsi kazi yenyewe inavyofanywa, sheria inasema nini kuhusu mshahara, makato na majeraha, na mahali pa kwenda mambo yakiharibika. Tutarudi mara kwa mara kwenye swali moja ambalo mfanyakazi mpya anapaswa kuliuliza kabla ya kuvaa sare: mwajiri wangu ni nani?

Siku ya kazi inavyokwenda

Kazi huanza kabla ya wateja kuingia. Mkate na maziwa hufika mapema asubuhi kwa sababu muda wake ni mfupi. Mizigo mizito, kama unga, sukari, mafuta ya kupikia na sabuni, hufika kwa lori mchana au usiku. Mlangoni pa stoo, karani wa kupokea mizigo huhesabu kilicholetwa na kukilinganisha na kilichoandikwa kwenye hati ya mzigo. Mpanga rafu mara nyingi huitwa kusaidia kushusha na kuhesabu. Hatua hii ina uzito kuliko inavyoonekana, kwa kuwa bidhaa iliyopungua mlangoni bila kuandikwa itahesabiwa baadaye kuwa imepotelea ndani ya duka.

Baada ya hapo mzigo hupelekwa kwenye rafu kwa troli. Bandali moja ya unga wa kilo 2 huwa na pakiti 12, yaani kilo 24. Mfanyakazi anayehamisha bandali 40 kwa zamu moja amebeba karibu tani moja kwa mikono yake. Anayetafuta kazi hii ajue mapema kwamba ni kazi ya kusimama, kuinama, kuinua na kupanda ngazi, tena kwa saa nyingi.

Bidhaa haziwekwi popote panapopatikana nafasi. Maduka makubwa hutumia mchoro unaoonyesha kila bidhaa ikae wapi na ichukue upana gani wa rafu. Nafasi iliyo katika usawa wa macho ya mteja ndiyo inayouza zaidi, na kampuni hushindana vikali kuipata. Ndiyo sababu utaona machandaiza wa kampuni mbili za sabuni wakivutana kwa adabu juu ya sentimita chache za rafu. Pia ndiyo sababu vitu vya lazima, kama unga na maziwa, mara nyingi huwekwa ndani kabisa. Mteja akivifuata hupita mbele ya bidhaa nyingine nyingi.

Cha kuisha kwanza kitoke kwanza

Kanuni kuu ya kazi hii ni rahisi kuitaja na rahisi kuikiuka: bidhaa ambayo tarehe yake ya mwisho iko karibu huwekwa mbele, na mzigo mpya huwekwa nyuma. Ili kufanya hivyo inabidi mfanyakazi atoe kwanza kilichomo kwenye rafu, asome tarehe, afute vumbi, aweke kipya nyuma na kurudisha cha zamani mbele. Anayeharakishwa hushawishika kusukuma mzigo mpya mbele na kuondoka. Wiki tatu baadaye kuna pakiti za mtindi zilizopitwa na tarehe nyuma ya friji, na hakuna aliyeziona.

Bidhaa inayokaribia kuisha huondolewa, hupunguzwa bei au hurudishwa kwa aliyeileta, kulingana na makubaliano ya duka na kampuni husika. Iliyopitwa na tarehe haipaswi kubaki kwenye rafu hata kidogo. Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254 ya Sheria za Kenya, inakataza kuuza chakula kisichofaa kuliwa na binadamu. Kufuta au kubadilisha tarehe kwenye pakiti ni kumdanganya mnunuzi. Mfanyakazi akiamrishwa na msimamizi kufanya hivyo ana haki ya kukataa, na anaweza kuripoti kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo.

Baridi nayo ina kanuni zake. Maziwa, nyama na mtindi huhitaji friji ya nyuzi 5 au chini yake, na vilivyogandishwa huhitaji nyuzi 18 chini ya sufuri. Kreti ya maziwa iliyoachwa kwenye korido kwa saa nzima huku mfanyakazi ameitwa kwingine inaweza kuharibika kabla ya tarehe iliyoandikwa. Tarehe kwenye pakiti inaaminika tu ikiwa bidhaa imehifadhiwa ipasavyo.

Jambo la mwisho la kila siku ni lebo. Bei ikibadilika kwenye kompyuta ya keshia bila lebo ya rafu kubadilishwa, mteja huona shilingi 180 kwenye rafu na kutozwa shilingi 210 mlangoni. Katiba ya Kenya, Kifungu cha 46, inampa mteja haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa anayonunua, na Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei. Kwa duka, lebo moja iliyosahauliwa ni ugomvi na mteja. Kwa mama aliyekuja na pesa kamili, ni kurudisha unga kwenye rafu mbele ya foleni ya watu.

Swali la kuuliza: nani amekuajiri?

Wafanyakazi watatu wanaweza kupanga rafu katika korido moja, wakivaa sare zinazofanana, na kila mmoja akawa na mwajiri tofauti.

Wa kwanza ameajiriwa na supamaketi yenyewe. Anapanga bidhaa zote, anafuata zamu za duka, na mshahara wake unatoka hapo.

Wa pili ni machandaiza aliyeajiriwa na kampuni inayotengeneza au kusambaza bidhaa, tuseme kampuni ya mafuta ya kupikia. Kazi yake ni bidhaa za kampuni hiyo tu. Huenda akazunguka maduka mawili au matatu kwa siku moja. Meneja wa duka humpa maagizo ya kila siku, lakini si mwajiri wake.

Wa tatu ameajiriwa na kampuni ya wakala, ambayo kazi yake ni kuajiri watu na kuwapeleka kwa kampuni za bidhaa au kwa maduka. Huyu hupokea maagizo kutoka pande tatu: wakala, kampuni ya bidhaa na meneja wa duka.

Mpangilio huu si kosa kisheria. Shida hutokea pale mfanyakazi asipojua yuko katika kundi gani. Akiumia, duka linasema si wake. Akiachishwa kazi, kampuni ya bidhaa inasema mkataba ulikuwa na wakala. Wakala naye akisema kijana huyo alikuwa kibarua wa siku, inabidi mfanyakazi aanze kutafuta ushahidi wakati ambapo tayari hana mshahara.

Tulilishuhudia jambo hili kitaifa wakati maduka makubwa yaliposambaratika. Nakumatt ilipoanza kulemewa na madeni, wasambazaji waliokuwa wanadai walipunguza kuleta bidhaa, na wateja wakaziona rafu tupu kabla ya kusikia habari za mahakamani. Mnamo Januari 2018 kampuni hiyo iliwekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe. Duka linapofungwa kwa namna hiyo, machandaiza wanaorudi kwa kampuni zao na wafanyakazi wa duka wanaodai mishahara wako katika hali mbili tofauti kabisa, ingawa jana yake walikuwa wakipanga rafu moja.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza kazi, pata jina kamili la kampuni inayokuajiri, mahali ofisi yake ilipo, na jina la anayesimamia wafanyakazi wake. Mshahara wa kwanza ukiingia, linganisha jina la aliyetuma pesa na jina lililo kwenye mkataba. Yakitofautiana, uliza.

Mkataba wa maandishi

Sheria ya Ajira ya 2007 inataka kazi ya jumla ya miezi 3 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na jukumu la kuuandaa ni la mwajiri. Mkataba unapaswa kutaja jina la mwajiri, kazi utakayofanya, tarehe ya kuanza, mahali pa kazi, saa za kazi na mshahara. Mfanyakazi asiyeelewa lugha iliyotumika ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia sahihi. Usikubali kutia sahihi karatasi tupu, na omba nakala yako. Hata picha ya simu inasaidia.

Ikiwa mwajiri hakukupa mkataba, haki zako hazipotei. Kesi ikifika mahakamani na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi yanayotakiwa, mzigo wa kuthibitisha au kupinga masharti ya kazi unamwangukia yeye.

Kuna pia suala la vibarua. Wengi huanza kwa kuitwa wakati wa msimu, hasa Desemba na wakati wa kufungua shule, na hulipwa kwa siku. Sheria inaruhusu. Lakini kibarua akifanya kazi kwa siku mfululizo ambazo kwa jumla zinafikia mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haiwezi kutarajiwa kukamilika kabla ya miezi 3, sheria humchukulia kuwa mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi. Hapo hastahili kuambiwa jioni tu kwamba kesho asirudi, bali ni lazima apewe notisi. Kupanga rafu ni kazi isiyoisha maadamu duka liko wazi. Mtu aliyeitwa kibarua kwa miaka 2 ana sababu nzuri ya kwenda ofisi ya leba kuuliza hadhi yake.

Kipindi cha majaribio hakipaswi kuzidi miezi 6. Kinaweza kuongezwa kwa muda usiozidi miezi 6 mingine, kwa makubaliano na mfanyakazi mwenyewe.

Saa za kazi, mapumziko na likizo

Agizo la jumla la mishahara linaweka wiki ya kawaida kuwa saa 52, zilizogawanywa kwa siku 6. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Siku ya mapumziko au sikukuu ya taifa ikifanyiwa kazi, saa hizo hulipwa mara mbili. Pale palipo na makubaliano kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, masharti yanaweza kuwa bora kuliko haya.

Chini ya Sheria ya Ajira, kila mfanyakazi anastahili angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku 7. Baada ya miezi 12 ya kazi anastahili likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi, yenye malipo kamili. Baada ya miezi 2 ya kazi, akiugua na kuleta cheti cha daktari, anastahili angalau siku 7 za malipo kamili na 7 nyingine za nusu mshahara katika mwaka. Mama aliyejifungua hupata miezi 3 yenye malipo, na baba wiki 2.

Usiku wa kuhesabu mali ya duka mara nyingi huendelea hadi saa sita au saa saba usiku. Saa hizo ni za kazi. Ziandike kwenye daftari lako: tarehe, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Daftari la shilingi 30 limewahi kuwa na nguvu kuliko maneno mengi.

Mshahara na makato yake

Kiwango cha chini cha mshahara hutangazwa na serikali ya kitaifa, na hutofautiana kulingana na kazi na mahali. Majiji makubwa yana kiwango cha juu, yakifuatwa na miji iliyokuwa manispaa, kisha maeneo mengine. Ikiwa mwajiri hakupi makao, agizo hilo linataka pia posho ya nyumba ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ofisi ya leba iliyo karibu nawe itakupa kiwango kinachotumika sasa katika mji wako.

Mwajiri anapaswa kukupa hati ya mshahara inayoonyesha ulichopata na kila kilichokatwa. Chukua mfano wa mshahara wa jumla wa shilingi 20,000. Bima ya afya ya SHA ni asilimia 2.75, yaani shilingi 550. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani shilingi 300. Mchango wa NSSF ni asilimia 6, yaani shilingi 1,200. Kodi ya mapato haikatwi kwa sababu mshahara huo haujafika shilingi 24,000. Makato yote ni shilingi 2,050, na mfanyakazi anabaki na shilingi 17,950. Juu ya hayo, mwajiri mwenyewe anapaswa kuongeza shilingi 1,200 za NSSF na shilingi 300 za ushuru wa nyumba kutoka mfukoni mwake.

Kuona makato kwenye karatasi hakutoshi. Hakikisha yamefika. Kwa SHA, piga *147# kwenye simu yako. Kwa NSSF, ulizia taarifa ya akaunti yako katika ofisi zao au Huduma Centre. Fanya hivyo kila baada ya miezi 3. Mgonjwa hapaswi kugundua akiwa kwenye dirisha la hospitali kwamba pesa zake zilikatwa na hazikupelekwa.

Bidhaa ikipotea au kuvunjika

Hapa ndipo wapanga rafu wengi huumia kimyakimya. Mali ikihesabiwa na kupungua, baadhi ya wasimamizi hugawanya hasara kwa wafanyakazi wote wa korido na kuikata kwenye mishahara. Chupa ya mafuta ikivunjwa na mtoto wa mteja, anayelipa ni aliyekuwa karibu. Mtindi ukipitwa na tarehe, machandaiza anaambiwa aununue.

Sheria ya Ajira inaweka mipaka. Mwajiri anaweza kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea ikiwa chanzo ni kosa la makusudi la mfanyakazi huyo. Hasara iliyotokea bila kujulikana aliyeisababisha, au ajali ya kawaida ya kazi, haimo katika maneno hayo. Hata makato yanayoruhusiwa, yakijumlishwa yote, hayapaswi kuzidi theluthi mbili za mshahara.

Kujikinga kunaanza na maandishi. Ukipokea mzigo uliopungua, hakikisha upungufu umeandikwa kwenye hati kabla ya dereva kuondoka. Bidhaa ikivunjika, mwambie msimamizi papo hapo na iandikwe kwenye kitabu cha bidhaa zilizoharibika. Ukiona bidhaa inakaribia tarehe ya mwisho, toa taarifa mapema kwa ujumbe wa simu, ambao hubaki kama ushahidi. Ukikatwa bila kuelezwa, omba maelezo kwa maandishi.

Maduka mengi pia huwapekua wafanyakazi wanapotoka. Katiba inalinda heshima na faragha ya kila mtu katika Vifungu vya 28 na 31. Upekuzi ufanywe kwa staha na kwa wote bila ubaguzi, na mwanamke apekuliwe na mwanamke.

Mgongo, ngazi na sakafu yenye maji

Majeraha ya kazi hii ni ya kawaida: mgongo kutokana na kuinua mizigo, kuanguka kutoka kwenye ngazi, kuteleza kwenye sakafu yenye maji au mafuta, kuangukiwa na kreti zilizopangwa juu mno, na kujikata na kisu cha kufungulia makatoni. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakataza kumpa mtu mzigo mzito kiasi cha kuweza kumdhuru, na inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi. Ikiwa friji kubwa ya vilivyogandishwa inahitaji koti na glavu, ni jukumu la mwajiri kuvinunua.

Mfanyakazi naye ana wajibu wake. Inua mzigo kwa kukunja magoti, ukiwa umeukaribia mwili. Weka vizito kwenye rafu za chini. Usipande juu ya kreti au rafu badala ya ngazi. Ona sakafu imemwagika, simama hapo hadi ipanguswe.

Ukiumia kazini, Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007 inakulinda. Mjulishe mwajiri mara moja, kwa maandishi ikiwezekana. Naye anapaswa kuripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7, na ikiwa kuna kifo, ndani ya saa 24. Dai la fidia liwasilishwe ndani ya miezi 12. Kwenye hati hizo zote kuna nafasi ya jina la mwajiri. Unaona sasa kwa nini swali letu linapaswa kujibiwa siku ya kwanza, si siku ya ajali.

Unayetafuta kazi hii

Waajiri wengi huomba kitambulisho cha taifa, cheti cha KCSE, nambari ya KRA, nambari za NSSF na SHA, na cheti cha maadili mema kutoka DCI, kinachoombwa kupitia eCitizen. Wanaoshika chakula kisichofungwa, kama nyama, mikate na mboga, huhitaji pia cheti cha afya, na hupimwa kila baada ya miezi 6. Vipimo hivyo hufanywa chini ya idara ya afya ya umma ya kaunti.

Jihadhari na matangazo ya kazi yanayotaka utume pesa ya fomu, ya sare au ya mafunzo kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Ukipewa jina la duka, nenda dukani uulize kama kweli linaajiri. Wakala wa ajira anapaswa kuwa amesajiliwa, nawe una haki ya kuomba kuona cheti chake.

Kazi hii inaweza kuwa ngazi. Anayejua kusoma hati za mizigo, kuhesabu mali bila makosa na kuzungumza na wateja hupanda hadi kuwa karani wa stoo, msimamizi wa korido au mnunuzi wa duka. Machandaiza mzuri huweza kuwa afisa wa mauzo wa kampuni yake. Kwa hiyo ukiondoka, dai cheti cha utumishi. Sheria ya Ajira inamlazimu mwajiri kukitoa kwa aliyefanya kazi kwa wiki 4 au zaidi.

Mambo yakiharibika, nenda wapi?

Masuala ya mishahara, mikataba na kuachishwa kazi ni ya serikali ya kitaifa, kupitia ofisi ya leba. Serikali ya kaunti haina mamlaka ya kuyaamua, ingawa ofisi ya msimamizi wa wadi yako itakuelekeza ofisi hiyo ilipo. Aliyeachishwa kazi isivyo haki anaweza kulalamika kwa afisa wa leba ndani ya miezi 3. Kesi katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inapaswa kufunguliwa ndani ya miaka 3. Kabla ya kumfuta mtu kwa kosa, mwajiri anapaswa kumweleza sababu na kumsikiliza, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama. Kujiunga na chama cha wafanyakazi ni haki ya kikatiba chini ya Kifungu cha 41. Katika sekta ya maduka, chama kinachofahamika zaidi ni KUCFAW.

Yaliyo chini ya kaunti ni haya: usafi wa duka na ubora wa chakula, kupitia maafisa wa afya ya umma, mizani na vipimo, kupitia idara ya biashara, na leseni ya biashara yenyewe. Ukiona bidhaa iliyopitwa na tarehe, friji iliyozimwa yenye nyama ndani, au mizani unayoitilia shaka, ripoti katika ofisi ya kaunti ndogo. Nenda na risiti, bidhaa yenyewe na jina la duka.

Nawe mnunuzi una sehemu yako. Bidhaa uliyobadilisha nia kuinunua irudishe mahali pake, hasa maziwa na nyama. Pakiti ya soseji iliyoachwa kati ya sabuni itaharibika, na kuna mtu ambaye huenda akaulizwa kuihusu mwisho wa mwezi.

Ya kukumbuka kwa mfanyakazi

1. Jua jina kamili la mwajiri wako kabla ya kuanza: duka, kampuni ya bidhaa, au wakala.
2. Pata mkataba wa maandishi na uweke nakala.
3. Andika saa zako za kazi kila siku.
4. Hakikisha makato ya SHA na NSSF yamefika, kila baada ya miezi 3.
5. Upungufu, uharibifu na tarehe zinazokaribia kuisha viandikwe siku hiyo hiyo.
6. Ukiumia, toa taarifa mara moja na ufuatilie fidia kabla ya miezi 12 kuisha.
7. Ukifutwa isivyo haki, fika ofisi ya leba kabla ya miezi 3 kupita.